Nataka kumpeleka baba kwa Wabenediktini, kilimani Tosamaganga. Naombeni mwongozo

BintiSeremala (Uyole, Mbeya)

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wenu, hasa mnaoishi Iringa au mliowahi kufika huko.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uyole. Baba yangu ana miaka 79. Kwao ni Njombe, Mbena kabisa, ila maisha yake yote ya kazi yamepita Mbeya. Tangu mama atutoke, mzee amekuwa mtu wa kukaa barazani na kuongea kidogo. Mwezi uliopita nilimuuliza kama kuna mahali angependa nimpeleke likizo ya Juni. Nilidhani atasema Dar kwa wajukuu. Akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa: "Nipeleke kwa Wabenediktini, pale kilimani Tosamaganga." Hao ni watawa wa Kikatoliki.

Sababu ni babu. Babu alikuwa seremala, na ufundi alifundishwa na mabruda wa Kijerumani akiwa kijana. Alipofariki aliacha randa na sanduku la nguo la mninga. Hilo sanduku ninalo mimi sasa, liko chumbani kwangu. Halina msumari hata mmoja. Kwenye kona mbao zimekatwa meno yanayopanuka kuelekea nchani, meno ya ubao huu yameingia kwenye mapengo ya ule, na ukivuta hayatoki. Tumehama nyumba mara nne nalo. Kona hazijaachia hata nafasi ya kupitisha wembe.

Babu alikuwa na mambo mawili ambayo baba hajayaelewa mpaka leo. La kwanza, vifaa vyake havikuruhusiwa kugusa sakafu. Randa, msumeno, patasi, vyote akimaliza kazi alivifuta kwa kitambaa cheupe na kuvilaza juu ya meza taratibu. Mtoto akiweka patasi chini, alichapwa. La pili, kila alichouza alikiuza chini kidogo ya bei ya mafundi wenzake. Siyo sana, lakini lazima iwe chini. Bibi alilalamikia jambo hilo hadi uzeeni: watoto saba ndani, na mtu anapunguza bei ya kiti bila hata kuombwa.

Baba alifika Tosamaganga mara moja tu, akiwa mtoto. Walikwenda na babu kumwona dada yake babu ambaye alikuwa sista huko. Anakumbuka mapaa mekundu, upepo, na babu akinyoosha kidole kuelekea kanisani akisema kwa Kibena: "Pale ndipo walipoanzia wale walionifundisha randa."

Sasa naomba kujua, je, mgeni anaruhusiwa kuingia na kukaa na watawa kwenye sala zao? Karakana ya useremala bado ipo? Na mzee wa miaka 79 mwenye goti bovu atapanda kile kilima? Tutatumia basi kutoka Mbeya, hatuna gari binafsi.

MkaziWaKalenga (Iringa)

Kamwene dada. Msalimie sana mzee.

Kufika si shida. Basi litawashusha stendi kuu ya Igumbilo, mtaingia mjini, halafu mnaulizia daladala za Ipamba na Tosamaganga. Ni mwendo mfupi. Lakini kwa goti la mzee nakushauri ukodi bajaji au teksi kwa siku nzima, ili isimame kila anapotaka kusimama. Barabara inapanda, na ukiishafika juu kabisa hakuna tena cha kupanda. Kanisa, nyumba za masista, shule, vyote viko karibu karibu. Nendeni asubuhi. Mchana jua linaumiza macho na mapaa yanapoteza rangi. Asubuhi saa mbili, ukungu ukiwa bado bondeni, yale mapaa ya vigae yanakuwa mekundu kama udongo uliotoka kulimwa.

Ila kuna jambo lazima nikuambie mapema ili mzee asije akafika akavunjika moyo. Tosamaganga hakuna Wabenediktini. Walikuwepo. Wao ndio walioianzisha, na waliianzisha wakati Mkwawa, chifu wetu Wahehe, bado yuko hai, anawindwa porini. Hebu fikiria: Kalenga, ngome yake, iliangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Mkwawa akaendelea kuwasumbua karibu miaka minne mingine hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Katikati ya miaka hiyo ndipo mapadre wa Kijerumani wakapanda kilima kile na kuanza kujenga. Mimi ni Mhehe na nimelelewa Kalenga, ng'ambo tu ya pale, kwa hiyo kwangu mambo hayo mawili hayaachani. Ukisimama kanisani Tosamaganga ukatazama upande wa Kalenga, unaona nchi ya watu walioshindwa vita na bado hawajakubali. Wazee wetu wanasema jina lenyewe ni la Kihehe, lina maana ya kutupa mawe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa Tanganyika. Mwaka 1919 wakaja Wamisionari wa Konsolata, Waitalia, wakitokea Kenya, na hao ndio waliolea Iringa kuanzia hapo. Masista unaowakuta pale kilimani ni Wateresina, shirika la kwetu hapa hapa. Naamini dada yake babu yako alikuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo jiulizeni: babu alijifunza ufundi mwaka gani? Kama ni baada ya 1919, bruda wa Kijerumani hakumpata Tosamaganga. Angempata Mwitaliano.

Hata hivyo msiache kuja. Na mkija, mpitie makumbusho ya Kalenga, fuvu la Mkwawa liko pale tangu liliporudishwa mwaka 1954. Mzee wa umri huo atakuwa na cha kusimulia. Ombi moja tu: pale Tosamaganga kuna kituo cha watoto yatima. Mkitaka kuwaona, anzeni kwa masista, na simu za kupigia picha ziwe mfukoni. Wale watoto wamepigwa picha na kila mgeni anayepita, na hawajawahi kuulizwa.

NilikuwaMnovisi

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nilikaa unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya utawa, kwa Wabenediktini kabla sijaacha na kuoa, na hayo mambo mawili ya babu yako nimeyafahamu pale pale nilipoyasoma.

Watawa hawa wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu kidogo cha sura 73, cha karne ya 6. Monasterini kinasomwa kwa sauti, kipande kila siku, mwaka hadi mwaka, hadi kinakaa kichwani hata cha mtu asiyejua kusoma. Sura ya 31 inamhusu mtunza mali wa monasteri. Inamwagiza avitazame vyombo vyote na mali yote ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Vyombo vyote, maana yake jembe, sufuria, randa. Sisi tulikuwa tukiegesha jembe ovyo ukutani, mlezi hapigi kelele, anakuuliza tu: "Kalisi, kikombe cha misa, ungeiweka hivyo?" Siku ya pili unaliosha mwenyewe.

Sura ya 57 inahusu mafundi wa monasteri. Wafanye ufundi wao kwa unyenyekevu, na kazi zao zikiuzwa, ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko wanavyouza watu wa nje, ili Mungu atukuzwe katika yote. Ndivyo ilivyoandikwa, chini kidogo. Babu yako hakuwa anachezea hela ya watoto. Alikuwa anashika sura ya 57 akiwa mtu wa ndoa, Njombe, na hakumwambia mtu. Mpelekee baba yako maneno haya leo, usisubiri safari.

Kuhusu kuingia: ndiyo, wageni wanapokelewa. Sura ya 53 inataka kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, na wanayo nyumba ya wageni na bruda au padre anayeisimamia. Piga simu kabla, au parokia yenu ikuandikie barua. Ndani ya eneo wanamoishi watawa wageni hawaingii, hilo lisiwaudhi. Kanisani mnaingia. Watawa wanasali mara kadhaa kwa siku: alfajiri kungali giza, adhuhuri, masifu ya jioni, na sala ya kabla ya kulala. Ukienda ukatazama majengo mchana ukapiga picha ukaondoka, umeona ukuta tu. Mpeleke mzee masifu ya jioni. Kaeni viti vya nyuma, na msiogope kama hamjui wakati wa kusimama, fuateni wanavyofanya. Watawa wako pande mbili, upande huu unaimba mstari wa Zaburi, upande ule unajibu, na katikati ya mstari wananyamaza kwa pumzi moja. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau maneno. Ule ukimya ndio mtu anaujia.

Na kwa kuwa umeandika "kilimani": ni desturi yao ya tangu mwanzo. Benedikto mwenyewe alijenga Monte Cassino, Italia, juu ya kilele, kwenye mwaka 529 hivi. Monasteri ile imevunjwa mara nyingi. Mara ya mwisho ni ndege za Washirika, tarehe 15 Februari 1944, ilibaki vifusi. Wakaijenga upya palepale juu, na Papa Paulo VI akaitabaruku Oktoba 1964. Kwa hiyo mzee wako anapotamani kwenda kilimani, anatamani kitu cha zamani sana.

MamaParachichi (Njombe)

Mwalimu, mimi ni wa Njombe. Mkazi wa Kalenga amekuuliza swali zuri, na jibu lake liko huku kwetu. Jimbo la Njombe limeanza 1968. Kabla ya hapo Wakatoliki wa Njombe tulikuwa chini ya Abasia ya Peramiho, monasteri kubwa ya Wabenediktini kule Songea. Mapadre wetu walitoka Peramiho, katekisimu ilitoka Peramiho, na kijana wa Kibena aliyetakiwa kujifunza ufundi alipelekwa huko, kwa miguu. Baba mkwe wangu alikuwa fundi uashi, ni wa Peramiho. Karibu yenu zaidi kuna Uwemba, nje kidogo ya mji, na hao pia ni Wabenediktini wa Peramiho.

Mkipita Njombe Juni au Julai beba sweta mbili za mzee, soksi nzito na kofia ya mzula. Sizungumzii baridi ya Mbeya. Huku asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi.

BintiSeremala

Nimesoma yote nikiwa nimekaa jikoni na nimelia. Shikamoo kwa mnaostahili, na ahsanteni.

Nilimsomea baba ile ya sura ya 57. Alinyamaza, kisha akasema: "Mama yangu alikufa hajajua." Baadaye akaniambia nirudie ya vyombo vya altare.

Kuhusu mwaka: babu alijifunza ufundi kabla ya vita ya Hitler. Na nimerudi kwenye yale maneno yake. Hakusema "pale ndipo nilipofundishwa". Alisema "pale ndipo walipoanzia wale walionifundisha". Baba ameyarudia maneno haya maisha yake yote, na mimi nimeyasikia tangu mtoto, na hakuna aliyeyasikiliza vizuri. Tutakwenda kote kuwili. Aliyewahi kufika Peramiho aniambie.

Mngoni_wa_Peramiho

Karibuni sana. Kutoka Makambako mnachukua basi la Songea kupitia Njombe. Barabara ni ya lami lakini ina kona nyingi, hasa Lukumburu. Mzee akae viti vya mbele, na asile chakula kizito kabla. Lala Songea. Peramiho ni kilomita 24 tu kwenye barabara ya Mbinga, usafiri upo siku nzima.

Msitegemee kilima kirefu kama Tosamaganga. Mtakuta kama mji: abasia, hospitali ya rufaa, shule, chuo cha ufundi, karakana, kiwanda cha uchapaji. Vitabu vingi vya dini vya Kiswahili ulivyowahi kushika vimechapwa pale. Ukigeuza ukurasa wa kwanza utaona jina. Kanisa la abasia lilijengwa miaka ya 1940, na linaonekana kutoka mbali kabla hujaona nyumba nyingine.

Misheni ilianzishwa 1898 na Padre Cassian Spiss. Alikuja kuwa askofu, na Agosti 1905 aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji akiwa safarini karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Wangoni wakachoma misheni ya Peramiho. Wageni wengi wanasimuliwa hapo na wanaishia hapo. Mimi huwa naongeza, kwa kuwa ni ya babu zangu: kabla ya vita padre mmoja wa misheni alikuwa amechoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, chifu wetu, mahali tulipowaombea wahenga wetu. Moto ulianza upande gani, mtu apime mwenyewe. Na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu 67 pale Songea mjini. Makumbusho ya Maji Maji iko hapo hapo walipozikwa. Mpeleke mzee kabla ya kuja Peramiho. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa kwenye kanisa lile, na wanangu pia. Siwezi kulipenda kanisa langu nusu, nikaacha nje nusu ya historia yake.

Karakana ya useremala ipo. Ombeni ruhusa kwa padre wa wageni, msiingie tu, kuna mashine. Na kama miguu ya mzee itaruhusu, kuna Hanga, njia ya kurudi Njombe. Ile ilianzishwa 1957 kwa ajili ya watawa Waafrika wenyewe, na ni abasia tangu 1994. Ukitaka kuona Wabenediktini wamekuwa wetu, nenda Hanga.

BintiSeremala

Ndugu zangu, tumerudi salama juzi. Naandika wakati bado nakumbuka harufu.

Tulianza na Tosamaganga. Tulifika saa mbili na nusu asubuhi kwa bajaji, na mkazi wa Kalenga alisema kweli kuhusu mapaa. Baba alishuka akasimama pale pale barabarani. Akaniuliza kwa nini kilima kimekuwa kidogo. Sista mmoja mzee alitupokea. Tulipotaja jina la dada yake babu alifikiri, akatupeleka makaburini. Hatukumpata kwa uhakika. Misalaba mingine maandishi yamefutika. Baba aliweka maua katikati, akasema watagawana. Hatukukaa sana. Kalenga tulipita jioni na mzee alisimama mbele ya fuvu dakika nyingi bila kusema neno.

Njombe tulilala usiku mmoja. Mama Parachichi, sweta mbili hazikutosha.

Peramiho tulifika siku ya nne, mchana. Tulipewa vyumba viwili nyumba ya wageni: kitanda, meza, kiti, msalaba, blanketi la sufu. Baba hakuwa anatazama msalaba. Alikuwa anatazama meza. Alivuta droo akaitoa nje yote, akaipeleka dirishani, akaigeuza. Kisha akaniita. Kona za ile droo zilikuwa na meno. Meno yale yale, membamba kwenye shina, mapana nchani, mbele matatu na nusu mbili pembeni. Nimekaa na lile sanduku la babu miaka ishirini, nalijua kama ninavyojua mkono wangu. Baba alipitisha kidole gumba juu ya ungio polepole, kisha akarudia na ukucha, kutafuta nafasi. Ukucha haukukwama popote.

Siwezi kusema babu ndiye aliyeichonga. Inawezekana ni ya miaka ya karibuni, wanafunzi wanafundishwa hivyo hadi leo. Nilimwambia baba hivyo, nikiogopa asijipe tumaini la bure. Akanijibu, "Sijasema ni yake. Nasema mwalimu ni mmoja."

Kesho yake padre wa wageni alituruhusu kuingia karakana. Mashine ni nyingi kuliko nilivyodhani na kelele zake ni kubwa, lakini pembeni kuna mabenchi ya kazi za mkono. Vijana walikuwa wanaranda mbao za viti vya kanisa. Harufu ya mninga ilimpiga mzee kabla hajavuka mlango, niliona bega lake likishuka. Nilikuwa nimebeba randa ya babu kwenye begi, nimeizungushia taulo. Fundi mkuu aliipokea kwa mikono miwili. Akatoa ulimi wake, akautazama kwenye mwanga, akaunoa kidogo kwenye jiwe kwa mafuta, akaurudisha na kugonga kabari mara mbili. Akampa baba. Baba hakuwa seremala, alifanya kazi ya ukarani maisha yake yote, lakini alisimama kwenye benchi, mguu mmoja mbele, akasukuma. Mara ya kwanza randa iliruka. Mara ya pili ilitoka takataka ya ubao, ndefu, nyembamba, imejikunja, ndani yake unaona mwanga. Aliichukua akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Halafu akataka kuweka randa. Akaangalia benchi limejaa. Kijana mmoja, hajafika hata miaka ishirini, alisogeza vitu vyake haraka, akafuta pale mahali kwa kiganja, akasema, "Weka hapa, babu, usiweke chini."

Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote.

Masifu ya jioni tulikaa nyuma kama alivyoelekeza aliyekuwa mnovisi. Yote kwa Kiswahili. Pumzi ile ya katikati ya mstari nilikuwa naisubiri, na ilipokuja ya kwanza nilisikia ndege nje na mtu anakohoa mbali. Baba hakufungua kitabu. Usiku huo alinisimulia habari za mama ambazo sikuwahi kuzisikia, jinsi walivyokutana kwenye foleni ya mafuta ya taa, hadi taa ya korido ikazimwa.

Ndugu wa Peramiho, makumbusho ya Maji Maji tulipita kama ulivyosema, kabla. Nakushukuru kwa kutuambia nusu zote mbili. Mzee alipokuwa kanisani alisali pia kwa ajili ya wale 67, alinambia mwenyewe.

Kwa wanaopanga safari ya aina hii na mzazi: wekeni siku moja katikati isiyo na safari. Sisi tuliunganisha Iringa hadi Njombe halafu Songea bila kupumzika vya kutosha, na goti la mzee lilivimba. Tulipata huduma ya kukandwa hospitali ya pale pale Peramiho, lakini lingeweza kuepukwa. Na msafiri abebe hela taslimu, maana sadaka ya nyumba ya wageni tulitoa mkononi.

Hanga hatukufika kwa sababu ya hilo goti. Tangu turudi mzee ameiuliza mara mbili. Anataka twende Desemba, na Desemba ni mvua. Aliyepita karibuni njia ya kuingia Hanga kutoka barabara kuu ya Songea atuambie hali ikoje mvua zikianza, na kama gari dogo linafika.